Bahari haisubiri bajeti

Jumapili, saa nne usiku, hosteli.

Najua nimepotea wiki tatu, na wengine mmeshaanza kuulizana pembeni kama nimedisco. Sijadisco (bado!). Ni mambo ya test, kutafuta kichwa cha utafiti wa mwaka wa mwisho, na bumu kuchelewa, yaani hata bando nilikuwa nakopa. Leo wenzangu wa chumbani wamekwenda kuangalia mpira, nimebaki peke yangu na kikombe cha chai ya rangi, nikasema hapana, hii kitu lazima niitoe rohoni kabla sijalala.

Mnajua nasoma akiolojia. Ile kozi ambayo mjomba wangu akiulizwa na wageni anajibu, "anasoma mambo ya historia hivi," halafu anabadilisha mazungumzo haraka haraka. Sasa Alhamisi tulikuwa na kikao cha kuwasilisha vichwa vya utafiti. Kila mtu anasimama dakika tatu, anasema anataka kufanya nini, anaulizwa, anakaa. Zamu yangu ikafika. Nikasema nataka kuweka kumbukumbu za mabaki ya kale yanayofichuliwa na mmomonyoko wa fukwe, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilwa. Nikaeleza nitakavyopima ukingo, nitakavyopiga picha, nitakavyorudi baada ya kila bamvua kuona nini kimetoka na nini kimekwenda.

Mkubwa mmoja aliyekuwa mbele (sitamtaja, na wala msinitumie ujumbe kunibembeleza nimtaje) akavua miwani, akasema, "Binti, hiyo siyo utafiti. Hiyo ni kupiga picha za ufukweni." Darasa zima likaangua kicheko. Hata wewe uliyekuwa umekaa nyuma karibu na dirisha, na ambaye sasa hivi unasoma hapa, nilikusikia. Kisha akamalizia, "Katafute mahali pa kuchimba. Usipochimba hujafanya akiolojia."

Nikakaa chini kimya. Nimepewa hadi Ijumaa kubadilisha kichwa. Basi jibu ambalo sikulitoa Alhamisi, nalitoa leo.

Kwanza niwaambie nilichokiona

Agosti nilikuwa kwa bibi yangu. Kijiji sitakitaja, na sababu nitaieleza huko mbele. Ilikuwa wakati wa kusi, bahari imechafuka, na siku zile mwezi ulikuwa umekamilika, maji ya bamvua. Ambao hamjazaliwa pwani niwakumbushe: bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati huo inazidi mita 3. Maji ya namna hiyo yakipata upepo wa kusi nyuma yake, ukingo wa mchanga hauna ubavu.

Asubuhi bibi akanigongea dirisha. "Mke mwenzangu, amka. Si unasema unasoma vitu vya kale? Njoo uone bahari ilivyotapika." (Bibi yangu ananiita mke mwenzangu tangu nazaliwa, babu ndiye mume wetu. Ndo utani wetu huo.)

Tukashuka. Ukingo ulikuwa umekatika wima kama mkate uliokatwa na kisu, urefu wa kunifika kifuani. Na pale kwenye mkato mambo yote yalikuwa wazi. Juu mchanga wa juzi, mizizi ya minazi, mifuko ya plastiki. Chini yake tabaka la udongo mweusi lenye majivu, makombe ya chaza na mifupa ya samaki. Katikati vipande vya udongo mwekundu uliochomeka, vina alama za fito. Wenye macho ya darasani mnajua hiyo ni nini: ni ukuta wa nyumba ya udongo iliyoungua. Na chini kabisa, magae ya vyungu yenye nakshi ya pembetatu zilizochorwa kwa ncha kabla udongo haujakauka.

Magae yale tunayasoma mwaka wa pili. Prof. Felix Chami aliyapa jina kutokana na nakshi yenyewe ya pembetatu, wengine wanayaita mapokeo ya Tana, na yanapatikana kuanzia Kenya, Zanzibar, hadi kusini kwetu. Ni ya takriban mwaka 600 hadi 1000. Yaani kabla ya ule Msikiti Mkuu wa Kilwa, kabla ya Husuni Kubwa, kabla ya Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331 na kuandika sifa zake. Kulikuwa na watu pale chini ya minazi ya bibi yangu, wanakula chaza na kufinyanga vyungu.

Nami nikafanya nini? Nikatoa simu nikapiga picha mbili. Mbili! Moja imeingia kidole changu. Sikuweka rula, sikuweka hata kalamu ya kuonyesha ukubwa. Sikuandika mahali. Nikasema moyoni, nitarudi likizo ya mwaka mpya na vifaa kamili, nifanye kazi ya kitaalamu.

Nikarudi Januari. Nilikuwa nimekumbuka kwamba toka mnazi uliopinda hadi ukingoni ni hatua kumi na moja. Wadau, mnazi wenyewe haukuwepo. Ukingo ulikuwa umesogea nyuma yake. Lile tabaka jeusi, zile fito, yale magae, vyote vimekwenda. Nimebaki na picha mbili, moja ina kidole. Huo ndo ushahidi wote uliopo duniani kwamba nyumba ile iliwahi kuwepo, na mimi mwanafunzi wa akiolojia ndiye niliyeuharibu kwa kusubiri "vifaa kamili".

Kwa hiyo sioni haya kusema: mtu wa kwanza ninayemshutumu leo ni mimi mwenyewe. Baada yangu wanafuata wengine.

Kilwa ya mabango na Kilwa ya ukingoni

Najua mtaniambia, mbona Kilwa inatunzwa? Kweli, na nitasema ukweli wote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu majengo yalikuwa yanaoza na bahari inakula mbele yake. Ukitoka Kilwa Masoko na boti, kitu cha kwanza unachokiona upande wa pili ni Gereza, ile ngome ambayo Wareno waliianza 1505 na Waarabu wa Omani wakaijenga upya baadaye. Upande wake wa baharini mawimbi yalishaubomoa sehemu. Ikafanyika kazi: kuta zikashikizwa, kingo zikazuiliwa, mikoko ikapandwa, wanakijiji wakashirikishwa. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa kwenye orodha ya hatari. Kazi nzuri, nawapigia makofi waliohusika.

Lakini hebu tuulizane. Ile ni sehemu yenye jina, yenye picha kwenye vitabu, yenye wageni wanaolipa kiingilio. Pwani yetu toka Tanga hadi Mtwara, ukiongeza Mafia, Unguja na Pemba, ina vijiji vya kale ambavyo havina gofu hata moja la kupigia picha. Nani atajenga ukuta wa kuzuia bahari mbele ya minazi ya bibi yangu? Hakuna. Na nasema wazi, hata asijenge. Ukuta ni ghali, na ukiujenga vibaya mawimbi yanahamia kwa jirani na kumla yeye. Tumeyaona hayo mbele ya mahoteli.

Basi kama ukuta hauwezekani, na kuchimba kote hakuwezekani, kinachobaki ni kimoja tu: kuandika, kupima, kuchora na kupiga picha kabla hakijaondoka. Kwa sehemu ndogo, kumbukumbu siyo maandalizi ya uhifadhi. Kumbukumbu ndiyo uhifadhi wenyewe. Hakuna mwingine utakaokuja.

Kisimani, au mji ulioliwa

Anayedhani natia chumvi aende Mafia, magharibi ya kisiwa, Ras Kisimani. Kisimani ulikuwa mji wa maana enzi za masultani wa Kilwa, na sarafu za shaba za Kilwa zimepatikana pale. Wenyeji wana hadithi yake. Wanasema watu wa Kua, kule kisiwa cha Juani, walijenga jahazi wakawaalika watu wa Kisimani kwenye karamu ya kulishusha, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao na kulipitisha jahazi juu ya miili yao. Watu wa Kisimani wakanyamaza miaka, halafu wakawaalika wa Kua kwenye harusi, wakawafungia ndani ya chumba cha chini na kuziba mlango kwa mawe. Ni hadithi ya kutisha, na kila anayeisikia anataka kujua mji huo uko wapi.

Uko baharini. Sehemu kubwa ya Kisimani imeshaliwa na maji. Neville Chittick alichimba pale na ripoti yake ikatoka mwaka 1961. Leo mtu akitaka kuijua Kisimani anasoma karatasi za yule mzee, kwa sababu ardhi aliyoisimamia nyingine haipo tena. Angesema "subirini bajeti kubwa", tungebaki na hadithi ya karamu mbili na bahari ya bluu.

Na msiseme hayo ni mambo ya miaka elfu. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwi, kina miti, kasa wanapanda kutaga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaisha. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, watalii wanapelekwa kupiga mbizi. Kisiwa kizima, wadau, ndani ya uhai wa wazazi wetu.

Historia ya nani inayokwenda?

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Majumba ya mawe yanasimama. Hata yakianguka yanaanguka polepole, na mtu anayaona kwa mbali. Lakini watu wengi wa pwani ya kale hawakuishi kwenye majumba ya mawe. Hata Kilwa yenyewe, tabaka za mwanzo alizozikuta Chittick zilikuwa za nyumba za udongo na fito. Mvuvi, mfinyanzi, msusi wa mikeka, mhunzi aliyeacha mavi ya chuma nyuma ya nyumba, mtumwa aliyeshushwa ufukweni, hao hawakuacha ukuta wa matumbawe. Waliacha tabaka jeusi la unene wa kiganja, na tabaka hilo liko pale pale walipokuwa wanaegesha mitumbwi yao, ukingoni mwa maji.

Kwa hiyo bahari haili historia kwa usawa. Inaanza na ya mnyonge. Na sisi kwa kusema "sehemu hiyo haina gofu, haina maana", tunaisaidia. Halafu kesho tunakaa kwenye vimbweta tunabishana kwa nini vitabu vinazungumzia masultani tu! Vitazungumzia nini kingine, kama ushahidi wa wengine tumeuacha ukaoshwa na maji huku tukiangalia?

Majibu ninayopewa

La kwanza: "Hakuna bajeti." Bajeti ya nini? Kipimo cha futi cha fundi seremala kinauzwa kila duka la vifaa. Simu mnazo, tena nzuri kuliko kamera zilizotumika kwenye ripoti nyingi tunazosoma maktaba. Simu hiyo hiyo inakupa mahali ulipo kwa setilaiti bila hata bando. Ukipiga picha nyingi zinazopandana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, kompyuta inazigeuza kuwa umbo kamili la ukingo ule, unaloweza kulizungusha na kulipima ukiwa hosteli. Siyo uchawi, tumefundishwa semista iliyopita.

La pili: "Bila kibali huwezi." Hili naliheshimu. Utafiti rasmi una vibali vyake, na kuchimba au kuhamisha kitu bila kibali ni kosa. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mimi sijasema mtu achimbe. Bahari ndiyo inayochimba, kila bamvua, na sijasikia imeomba kibali. Sheria hiyo hiyo inamtaka aliyegundua kitu atoe taarifa. Sasa atatoaje taarifa ya maana kama hajaandika ni wapi, lini, na kilikuwa kimekaaje? Mzee wa kijiji anayekwenda ofisini kusema "kule pwani kuna vitu" ataambiwa tutakuja. Anayekwenda na picha tano, vipimo na tarehe, ni vigumu zaidi kumrudisha nyumbani.

La tatu: "Mkitangaza, waporaji watakuja." Hili ndilo la maana kuliko yote, na ndo maana sijakitaja kijiji chetu. Wapo watu wanaozunguka wakiulizia sarafu, shanga na kauri. Kwa hiyo kumbukumbu haipelekwi Facebook. Inapelekwa kwa mamlaka ya malikale, nakala inabaki serikali ya kijiji, nakala chuoni. Lakini kusema tusiandike kabisa ili mwizi asijue, ni sawa na kutohesabu mbuzi wako ili fisi asisikie idadi. Fisi hahitaji hesabu. Anayeihitaji ni mwenye mbuzi.

La nne, la huyo mkubwa wetu: "Hiyo siyo utafiti." Haya, tuangalie. Mei 2013 kwenye ufukwe wa Happisburgh, mashariki ya Uingereza (msiniulize wanalitamkaje), mawimbi yaliondoa mchanga zikaonekana nyayo za binadamu wa kale, zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000. Ni za kale kuliko nyayo nyingine zote zilizopatikana nje ya Afrika. Hakuna aliyechimba. Watafiti walifika mvua inanyesha, maji yanajaa, wakapiga picha za kupandana, wakapima. Ndani ya wiki mbili hivi bahari ikazifuta zote. Leo ziko kwenye vitabu kwa sababu mtu hakusubiri. Je, hao nao walikuwa wanapiga picha za ufukweni?

Uskoti ndo kabisa. Kuanzia 2012 hadi 2016 waliendesha mradi ambao wananchi wa kawaida, wastaafu, walimu, wavuvi, walipewa programu ya simu, wakazunguka fukwe zao na kuandika hali ya sehemu za kale zinazoliwa na bahari. Walizitembelea zaidi ya 1,000. Kwa taarifa hizo wataalamu wakajua waanzie wapi. Sisemi tuwaige kila kitu, wao wana barabara hadi ufukweni na sisi tunapanda mtumbwi. Lakini tuna kitu wasichokuwa nacho wengi: watu wanaoshinda ufukweni kila siku. Wamama wa mwani na pweza wanajua ukingo umekatika lini kabla ya mtaalamu yeyote.

Na kama mnataka namba, mwaka 2022 jarida la Nature Climate Change lilitoa utafiti kuhusu sehemu 284 za urithi kwenye pwani za Afrika. 56 kati yake ziko hatarini tayari kutokana na mafuriko makubwa ya bahari na mmomonyoko. Ifikapo 2050 zinaweza kufika karibu 200. Na hizo ni sehemu zinazojulikana, zenye majina! Kijiji cha bibi yangu hakimo hata kwenye hizo 284.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba tunapenda sana miji iliyozama. Mwaka 2016 habari zilipotoka kwamba mzamiaji kaona mawe ya mji wa kale chini ya maji karibu na Mafia, kila mtu alikuwa mtaalamu, magazeti hayakulala. Wengine wakasema ni mawe ya asili tu, ubishi ukaendelea. Mji uliozama unatupa raha. Mji unaozama sasa hivi, mbele ya macho, unatuchosha.

Kuhusu mifupa

Kuna jambo moja wenzangu mmeniuliza, na sitalikwepa. Makaburi. Wazee wetu walizika karibu na bahari, na ukingo ukikatika mifupa inatoka. Hapo sitaki kusikia habari ya simu kwanza. Hapo unakwenda kwa imamu na wazee kwanza, unawaeleza, unasikiliza. Bibi aliniambia mwaka mmoja maiti watatu walitokeza, wazee wakawasitiri upya ndani zaidi na kuwasomea. Hakuna aliyeandika chochote. Nikamuuliza, bibi, wangekubali mtu apime tu kaburi lilivyolala, bila kupiga picha mifupa? Akafikiri kidogo. "Angeomba kwa adabu, mbona wangekubali. Tatizo nyie wasomi mnakuja na masanduku, mnaondoka na vitu, harudi mtu hata kusema mlikuta nini."

Sentensi hiyo ningependa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila idara. Kijiji hakikatai kumbukumbu. Kijiji kimechoka kuchukuliwa.

Basi tufanye hivi

Kwa yeyote anayekwenda likizo pwani, awe anasoma akiolojia, uhasibu au ualimu, naomba haya tu:

1. Nenda maji yakiwa yanakupwa, siku moja au mbili baada ya bamvua. Nenda na mwenyeji.
2. Usiokote. Usichokoe ukingo. Gae likitoka mahali pake limepoteza nusu ya maneno yake.
3. Piga picha ya mbali inayoonyesha ukingo mzima na kitu kisichohama, kama jengo au mwamba. Siyo mnazi! (Nimejifunza.) Kisha ya kati, kisha ya karibu. Kwenye ya karibu weka rula, hata kalamu.
4. Pima toka kitu hicho kisichohama hadi ukingoni. Andika tarehe, saa, na hali ya maji.
5. Chora. Ndiyo, kwa penseli. Picha inaona kila kitu sawasawa, mkono unaochora unalazimika kuamua tabaka moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.
6. Andika maneno ya wenyeji: panaitwaje, ufukwe ulifika wapi walipokuwa watoto.
7. Rudi. Kipimo kimoja ni taarifa. Vipimo vitatu vinakuambia bahari inakwenda kasi gani.

Namba saba ndiyo inayofanya kazi hii iwe utafiti, mheshimiwa. Ukijua ukingo unarudi kiasi gani kwa mwaka, na tabaka la kale limeenea hadi wapi, unaweza kusema hii sehemu ina miaka miwili, ile ina kumi, tuanze kuchimba hapa. Hata huko kuchimba unakokupenda, bila kumbukumbu hizi utachimba pasipo na haraka huku pa haraka pakiondoka.

Sasa Ijumaa inakuja. Nimefikiria sana kubadilisha kichwa. Kuna mtu kanishauri kwa upendo, "chukua tu gofu moja, andika kurasa hamsini, uhitimu, utakwenda kuokoa pwani ukiwa na digrii." Ni ushauri mzuri, na nyumbani wananisubiri nimalize, sina uwezo wa kurudia mwaka. Lakini nimeshawahi kusema "nitarudi na vifaa kamili", na mnajua kilichotokea.

Kwa hiyo nimeamua. Ijumaa napeleka kichwa kile kile, nimeongeza kurasa mbili za namna ya kupima, na jedwali la bamvua za mwaka mzima. Wakikataa, nitafanya gofu lao kwa ajili ya digrii, na ukingo wa bibi kwa ajili yangu. Tayari tuko wanne tunaoshuka kusini bamvua ijayo, nauli tumechanga, kulala ni kwa bibi, na wali wa nazi upo. Wa Pangani, Bagamoyo, Mafia, Pemba, Lindi, mkienda kwenu naomba mkumbuke zile namba saba.

Jana nilimpigia bibi kumwambia tunakuja. Nikamuuliza hali ya ukingo. Akasema, "Mke mwenzangu, juzi imechukua tena kidogo, karibu na pale pa kukaushia dagaa. Kuna vitu vyeusi vimetokeza." Nikamwambia, bibi, tafadhali, mwambie mtoto wa jirani apige picha. Aweke na kijiko pembeni.

Akanijibu, "Ameshapiga. Kijiko nimeweka mimi."

Chai imeshapoa. Usiku mwema.